Toa maji kwanza, ndipo utie maji

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Majira ya mapukutiko yakianza hununua boga, karoti, viazi, kabichi na tanipu kwa sababu ndizo zilizojaa na bado ni mbichi. Nazikata, natia sufuriani na kitunguu na maji, nafunika, nachemsha mpaka ziive. Kila mara napata supu ya majimaji, tamutamu lakini haina ladha, na baada ya saa moja watoto wanafungua friji kutafuta kingine. Sitaki kutegemea nyama kila siku. Nakosea wapi?"

Ndugu msomaji, mboga unazonunua hazina kosa lolote. Na ukiongeza viungo vya aina kumi havitakusaidia, kwa sababu tatizo haliko kwenye viungo, liko kwenye maji. Boga ni maji kwa takriban asilimia 90, karoti kama asilimia 88, kabichi asilimia 92 hivi. Hata kiazi mviringo, ambacho wote tunakihesabu kuwa chakula kizito, ni maji kwa karibu asilimia 79. Sasa vitu hivyo ukivitumbukiza kwenye maji mengine na kufunika, maji yaliyomo ndani ya mboga hayana pa kutokea isipokuwa kwenye mchuzi wako, na kila kitu kinaishia kuwa chapwa. Kabla hujatia tone la maji sufuriani, mboga lazima zipoteze sehemu ya maji yake. Nikikushauri jambo moja tu litakalobadilisha mapishi yako ya msimu huu wote, ni hilo.

Sababu yake inafaa uijue, maana ukiijua utaweza kupika bila kushika karatasi ya mapishi. Kipande cha boga kikiwa bado kimelowa kwa nje, joto lake haliwezi kupita nyuzi 100 za Selsiasi hata moto uwe mkali namna gani, kwa kuwa moto wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Ile rangi ya kahawia na harufu ya kitu kilichokaangika inahitaji nyuzi 140 hivi na kuendelea. Hapo ndipo sukari na asidi amino, yaani viini vinavyojenga protini, zinapoungana na kuzaa mamia ya ladha na harufu ambazo mboga mbichi haina. Mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza mmenyuko huo mwaka 1912 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mboga iliyochemshwa tangu mwanzo haifiki kwenye joto hilo, na ukiichemsha saa tatu zaidi haitafika. Itarojeka tu.

Kama una oveni, kazi ni rahisi. Iwashe nyuzi 220 na uiache ipate moto sawasawa, trei ikiwa humohumo ndani. Kata boga, karoti na tanipu vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kama umeviosha baada ya kukata, vikaushe kwa kitambaa safi. Kwa kilo moja ya mboga tia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichofurika, changanya kwa mikono mpaka kila kipande king'ae, kisha tandaza kwenye ile trei ya moto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanarundika. Vipande vikipandana, mvuke wa kimoja unakilowesha kingine, na unakuwa umechemsha mboga ndani ya oveni. Vitandaze visigusane. Vikizidi, chukua trei ya pili.

Baada ya dakika 20 hivi, isogelee oveni usikilize. Mwanzoni utasikia mchemko wa majimaji, na harufu itakuwa ileile ya boga la kuchemsha. Sauti ikianza kubadilika ikawa ya kukaangika, kavu na ya hapa na pale, fungua mlango. Wingu la mvuke likikupiga usoni, bado. Chukua mwiko bapa ujaribu kugeuza kipande kimoja. Kikinasa kwenye trei usikilazimishe, hakijawa tayari. Kikiachia chenyewe na upande wa chini una kingo za kahawia, geuza vyote, rudisha, na ukae na subira ya dakika nyingine 10 hadi 20. Unachotaka ni vipande vilivyonywea kidogo, laini katikati, vyenye kingo zilizokolea rangi. Onja kimoja hapohapo. Ladha utakayoisikia ndiyo iliyokuwa inapotelea kwenye maji siku zote.

Vitunguu saumu usivimenye kwa kazi hii. Vitupie kwenye trei na maganda yake, vitaiva kwa ndani bila kuungua, kisha utavikamua kama uji. Ukivikatakata na kuvitia kwa nyuzi 220, vitakuwa vyeusi na vichungu kabla karoti haijalegea.

Huna oveni? Sufuria nzito yenye kitako kinene inatosha kabisa, ila utafanya kwa mafungu. Pasha mafuta mpaka yaanze kutembea sufuriani kwa wepesi, tia boga kiasi cha kufunika kitako tu, na usikoroge. Nasisitiza: usikoroge. Mkono wenye haraka ndio unaonyima chakula rangi. Acha dakika nne au tano, geuza, acha tena, epua, tia fungu lingine. Chini patabaki utando wa kahawia. Usiuone kuwa uchafu wa kusugua baadaye. Ukishamaliza mafungu yote, tia maji nusu kikombe na ukwangue ukoko huo kwa mwiko wa mti. Utayeyuka wote, na umeshapata msingi wa mchuzi bila kipande cha mfupa.

Sasa hilo la pili ulilosema, kwamba supu yako ni tamutamu lakini haina ladha. Utamu wenyewe ni wa kweli. Baridi inapokaza, karoti, kabichi na ndugu zake hulimbikiza sukari ndani ya seli, kwa sababu maji yenye sukari hayagandi upesi. Ndiyo maana karoti iliyopigwa na baridi kali shambani huwa tamu kuliko ya majira ya joto. Boga nalo huendelea kugeuza wanga wake kuwa sukari hata baada ya kuvunwa. Butternut, ambayo ni aina ya boga, iliyokaa kabatini wiki kadhaa mara nyingi humshinda mwenzake aliyekatwa jana. Kiazi kitamu kina mambo yake zaidi: ndani yake mna kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari, na kinafanya kazi kwa bidii joto la kiazi likiwa kati ya nyuzi 57 na 75 hivi. Ukikioka kizima kwa moto wa taratibu, kinakaa katika joto hilo muda mrefu na kinatoka kitamu sana. Ukikikata vidogo na kukipiga moto mkali, kinapita hapo haraka na utamu wake unakuwa wa wastani. Kwa chakula cha chumvi, mimi huchagua njia ya pili.

Kwa hiyo msimu huu unapika kwa malighafi iliyokwisha kuwa na sukari. Usiizidishie. Naona mapishi mengi ya boga yanayomimina asali, mdalasini na kungumanga, na kwa maandazi au keki sina neno. Lakini kwenye chakula cha jioni, mdalasini uwe wa ncha ya kisu. Utamu unataka wa kushindana nao: chumvi, uchachu, uchungu kidogo, na ile ladha nzito ya nyama ambayo hata visivyo nyama vinayo.

Chumvi kwanza. Kipimo ninachokiamini ni gramu 8 hadi 10 kwa kila kilo ya chakula kilichoiva, ukihesabu na ile uliyonyunyizia kwenye trei. Kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi laini ni kama gramu 6. Tia kidogo mwanzo, kidogo katikati, malizia mwisho. Chumvi yote ikitiwa mwisho hukaa kwenye mchuzi tu, na ukitafuna kiazi unakikuta kitupu ndani.

Uchachu ni limau, siki au nyanya, na ndio unaosahaulika kuliko vyote. Sufuria ya lita mbili inayolalamika kwamba "kuna kitu kinakosekana" mara nyingi hailalamikii chumvi, inataka kijiko kimoja cha chakula cha siki. Lakini utie mwishoni. Asidi huimarisha pektini, ile gundi inayoshika kuta za seli za mboga, hivyo ukitia limau au nyanya mapema, viazi na maharage vinaweza kukaa motoni saa nzima na bado vikawa vigumu. Kama unataka nyanya kwenye mchuzi wenyewe, subiri vitu vigumu vilegee kwanza. Nyanya ya kopo kijiko kimoja au viwili, iliyokaangwa na vitunguu mpaka ikawa nyekundu ya kutu, haina madhara makubwa kwa kiasi hicho, na faida yake ni kubwa: nyanya iliyokolea ina glutamati nyingi, na hiyo ndiyo inayoleta ladha nzito niliyoitaja. Uyoga uliokaushwa unayo pia, vilevile sosi ya soya na jibini lililokomaa. Gramu 15 tu za uyoga mkavu, ukiulowesha kwenye maji ya moto na kutumia na maji yake, zinatosha kubadilisha sufuria nzima.

Na watoto wanaofungua friji? Hapo sufuria yako haikuwa na cha kuwashibisha. Gramu 100 za boga zina kalori kama 26 na protini gramu moja. Mtoto akila bakuli mbili zimejaa, amekunywa maji yenye rangi nzuri. Gramu 100 za dengu zilizopikwa zina kalori kama 116 na protini gramu 9, pamoja na nyuzinyuzi zinazokaa tumboni. Mboga za mapukutiko na jamii ya kunde zimeumbwa kwenda pamoja: mboga inaleta utamu na rangi, kunde zinaleta uzito na rojo. Shayiri nayo ni nzuri, inatoa wanga wake mchuzini na kuufanya mzito. Usiogope mafuta pia. Rangi ya manjano na machungwa ya boga na karoti ni karotini, ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini A, na hufyonzwa vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: maharage mekundu yana lektini, aina ya protini inayoweza kukuumiza tumbo vibaya yakiwa hayajaiva. Yaloweshe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa mchemko mkali kweli, dakika 30 bila kupunguza moto, ndipo uendelee taratibu mpaka yalainike. Sufuria ya umeme ya kupikia polepole haitoshi peke yake, kwani inaweza isifike kwenye joto linalohitajika. Dengu hazina usumbufu huo, ndiyo maana siku ya kazi nakushauri dengu.

Nikupe sufuria moja ya watu sita, uone mambo haya yakikutana. Choma kilo moja ya boga na karoti tatu kama nilivyoeleza, pamoja na kichwa kimoja cha kitunguu saumu. Wakati vinaiva, teleka sufuria nzito, tia mafuta vijiko vitatu, vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa vidogo na chumvi kidogo. Moto wa wastani, dakika 15 nzima, mpaka vitunguu viwe laini na rangi ya dhahabu. Watu huandika dakika tano kwenye mapishi. Kwa dakika tano kitunguu huwa kimepoteza ukali tu, hakijawa na utamu. Tia nyanya ya kopo vijiko viwili, kaanga mpaka ianze kushika chini, halafu bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai na pilipili manga. Sasa dengu za kahawia gramu 250 zilizooshwa, viazi vitatu vilivyokatwa, na maji lita moja na robo. Kwangua kitako. Yakichemka punguza moto, funika nusu, acha dakika 25 hadi 30.

Dengu zikilegea, ongeza boga, karoti na vile vitunguu saumu ulivyovikamua. Chukua theluthi moja ya vipande vya boga uviponde ukutani mwa sufuria kwa mwiko. Hapo mchuzi unageuka rojo mbele ya macho yako, bila unga wala krimu. Usitie blenda, kwa sababu wanga wa viazi ukipigwa kwa visu vya kasi hugeuka gundi. Dakika tano za mwisho tia konzi mbili za majani magumu kama sukuma wiki, yaliyotolewa mishipa na kukatwa membamba. Uchungu wao mdogo ndio unaokata utamu wa boga. Epua, tia siki au limau, onja, ongeza chumvi kama inadai, halafu acha sufuria itulie dakika kumi kabla ya kupakua. Mwiko ukiuvuta katikati, mchuzi unatakiwa urudi polepole. Ukirudi mbio kama maji, rudisha motoni bila kifuniko.

Kabichi sijaitia humo makusudi, maana inastahili kupikwa peke yake. Ikichemshwa muda mrefu hutoa harufu ya salfa inayojaza nyumba, na wengi wameichukia kwa ajili hiyo. Kata kichwa mapande manane, acha kila pande na kipande cha shina lake ili lisiachane, lipake mafuta na chumvi, kisha lilaze kwenye kikaangio cha moto mpaka upande mmoja uwe kahawia ya kukolea. Geuza, tia maji robo kikombe, funika dakika sita au saba. Mwishoni kijiko cha haradali na siki. Kabichi hiyo juu ya maharage yenye rojo ni chakula cha jioni kamili.

Bitiruti nayo iive peke yake, isipokuwa kama unataka kila kitu kiwe chekundu. Ioke au uichemshe na ganda lake, na usilikate shina karibu sana, rangi na ladha zitabaki ndani. Ganda litatoka kwa kidole ikipoa. Tanipu zilizozeeka zina ukali. Chagua ndogo zinazohisi nzito mkononi.

Kuhusu kuhifadhi, boga zima lisiingie kwenye friji. Chini ya nyuzi 10 hupata madhara ya baridi na kuoza mapema. Liweke mahali pakavu penye nyuzi 10 hadi 13, na butternut nzima isiyo na jeraha itakaa miezi miwili au mitatu. Viazi mviringo navyo vikae mahali pa giza penye ubaridi wa wastani. Kwenye friji wanga wake hugeuka sukari, na ukivikaanga au kuvioka vinaungua rangi kabla ya kuiva. Kiazi chenye kijani kingi usikipike. Na boga lolote ambalo ukionja kipande linakuwa chungu kweli, siyo kukosa utamu bali uchungu wa kukufanya uteme, litupe lote. Uchungu huo ni kukabitasini, ni sumu, na haiondoki kwa kupika.

Kitakachobaki kigawe kwenye vyombo visivyo na kina ili kipoe haraka, kiingie friji ndani ya saa mbili, na ukile ndani ya siku tatu au nne. Kesho yake utakikuta kimeganda kwa sababu dengu na viazi vimekunywa mchuzi wote. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga, kichemke kabisa, kisha kamulia limau upya, kwa kuwa uchachu wa jana utakuwa umefifia.